Nilifunga, Kumbe Nilifungwa

Ijumaa ile, saa saba mchana, Rosette alikula.

Msomaji, usilione hilo ni jambo dogo. Kwa miaka miwili na ushei, kila Ijumaa, mwanamke huyu hakutia hata tone la maji kinywani mpaka jua lizame. Alikuwa akifunga na kumwomba Mungu ampe mimba. Majirani zake wa mtaa wa Kinama walijua, wenzake wa kiwanda cha sabuni walijua, hata mwuza samaki wa njiani alikwisha zoea kutomwita siku hiyo. Leo Rosette ndiye aliyemwita. Alichagua mukeke mnono, akaukaanga kwa mawese, akasonga ugali, akaketi mezani peke yake na kuanza kula bila kuinua uso.

Mumewe, Armel, alimkuta hivyo. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kule Quartier Industriel, ovaroli iko begani, jasho halijamkauka. Akasimama mlangoni.

"Chérie? Leo haufunge?"

"Apana."

"Unagonjwa?"

"Apana." Rosette akatoa mwiba kinywani, akauweka pembeni mwa sahani. "Sifunge tena, Armel. Mulishanifunga."

Ovaroli ilimtoka Armel begani ikaanguka sakafuni. Kwanza, mkewe hakuwa amemwita Armel tangu binti yao wa kwanza azaliwe. Ndani ya nyumba ile aliitwa Papa Chanelle, na siku za raha aliitwa chéri. Pili, alikuwa ameelewa, na uso wake ulikuwa umekwisha kumsaliti kabla ulimi haujapata la kusema.

Rosette alimwangalia usoni akaona kila kitu. Alikuwa ametumaini, mpaka dakika ile, kwamba angemwona anashangaa.

Mambo yenyewe yalianza asubuhi, na yalianza kwa kicheko. Rosette alikuwa ameomba ruhusa kazini akaenda kwenye kituo cha afya huko Kamenge, aulize kwa nini tumbo lake limenyamaza. Mkunga aliyempokea, Jovithe, zamani alifanya kazi katika kliniki ya mtu binafsi ambako Rosette alimzaa binti yake wa pili kwa upasuaji. Alimtazama mara mbili, akatabasamu.

"Mama, mi nakujua. Si we ule Mukongomani wa césarienne ya Jumatatu ya Pasaka? Ulikuwa unaita mama yako wa Bukavu mpaka na sisi tukataka kulia."

"Njo miye," Rosette akasema, naye akatabasamu.

"Sasa unatafuta mimba namna gani? Si tulikufunga?"

Rosette akacheka. "Mulinifunga, ndiyo. Na mulinifunga muzuri, nyuzi hazikuoza hata moja. Angalia, kovu haionekane sana." Akaanza kuinua blauzi amwonyeshe.

Jovithe hakuangalia kovu. Aliweka kalamu chini, akainuka, akarudishia mlango.

"Mama, siongelee kidonda. Naongelea kizazi. Mirija. Tulikufunga kizazi, na we ulikubali."

"Mi nilikubali? Wapi?"

"Mu salle ya kupasulia. Njo miye nilikuuliza."

Hapo ndipo ile siku ilipomrudia yote. Taa kali. Pazia la kijani mbele ya kifua lisimwache aone kinachofanyika chini. Kuanzia kiunoni mwili ulikuwa umekufa ganzi, lakini kichwa kilikuwa macho kabisa, na baridi ilimtetemesha meno. Mtoto alikuwa amekwisha toka, amelia, amefutwa. Kisha uso wa dada mmoja ukamwinamia, umefunikwa kitambaa, ukauliza kwa Kiswahili kwa sababu Kirundi cha Rosette kilikuwa bado cha kuombea chumvi: "Mama, tufunge?"

Naye alijibu nini? Alijibu: "Mufunge, dada. Mufunge haraka, nasikia baridi."

Hebu niambie wewe unayesoma. Mtu amelazwa tumbo wazi, anaulizwa "tufunge?", angejibu nini? Aseme apana, muliache wazi nirudi nalo Kinama hivi hivi? Hakuna mwanamke chini ya jua ambaye asingejibu kama Rosette. Na jibu hilo ndilo waliloliandika kwenye faili kwa Kifaransa, mstari mmoja tu, kwamba mgonjwa ameafiki.

"Nilizania umeelewa," Jovithe akasema. "Docteur alisema papier ya bwana yako inatosha, bwana alishatia signature kule inje. Mi nilikuuliza tu kwa heshima."

"Bwana yangu?"

"Na mama yake. Walikuwa wawili mu couloir, inje ya mulango."

Rosette alishika meza. Mkunga akamwekea maji mbele yake, naye akayatazama, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Halafu akachukua glasi akayanywa yote.

Sasa turudi mezani, Armel yuko magotini mbele ya mkewe.

"Nani alikuambia?"

"Njo kintu ya kwanza unauliza? Nani alikuambia?"

"Apana, chérie, nisikilize. Ile siku Mama alikuja akaniambia docteur amesema ukipata mimba ingine utakufa. Nilitetemeka. Chanelle alikuwa na miaka mine. Nikajiona niko nazika bibi yangu, nabaki na watoto wawili mikononi. Nilitia signature juu ya kukupenda. Mungu anajua."

"Docteur alikuambia we?"

"Alimuambia Mama."

"We ulimuuliza docteur?"

Armel akainamisha kichwa.

"Nakuuliza, Armel. Ulikuwa mbali na docteur namna gani?"

"Mulango moja."

"Na miye nilikuwa wapi?"

"Nyuma ya ule mulango."

"Nilikuwa macho! Hawakunilalisha. Kichwa yangu ilikuwa muzima, mudomo yangu ilikuwa inaongea. Ungesukuma ule mulango, ungesema, Mama Chanelle, batu banasema hivi, we unasema nini? Maneno kumi tu. Ulishindwa maneno kumi?"

Alipokuwa akisema hayo, macho yake yaliangukia mikono ya mumewe, na moyo ukamuuma upya, maana mikono hiyo ndiyo iliyomfanya akubali kuolewa. Enzi hizo Rosette alikuwa mgeni pale kiwandani, anapanga sabuni kwenye makatoni, na Armel aliendesha mashine ya kunyanyua mizigo. Madereva wengine walikuwa wakishusha mzigo bila kuangalia ni mguu wa nani uko chini. Armel peke yake alikuwa akisimamisha mashine, mzigo unaning'inia juu, anamtazama yeye na kuuliza: "Nishushe?" Na mpaka Rosette ajibu "Shusha," chuma kile hakikuteremka hata kidole. Wasichana wenzake walimtania kutwa nzima, wakimwita bibi wa Nishushe. Akampenda kwa neno hilo moja. Kwa katoni za sabuni aliulizwa kila siku, kwa tumbo lake hakuulizwa hata mara moja!

"Na ulijua lini ile maneno ya docteur ilikuwa bongo, uongo mutupu?" akauliza.

"Rosette..."

"Lini?"

"Mwaka jana. Mama alikuja na habari ya musichana moja wa Kamenge, anaitwa Spès. Akasema, huyu wako anazaaka mabinti tu, tulishamufunga, hatakusumbua tena, enda uzae kijana kwa Spès. Nikamuambia, Mama, si ulisema ni juu ya maisha yake? Akacheka. Njo siku nilijua docteur hakusemaka kitu. Lakini naapa, Spès nilimukataa. Sijamugusa hata kidole."

"Ah. Kumbe kukataa unajua."

Armel akaokota ovaroli sakafuni, akaikunja.

"Tangu mwaka jana," Rosette akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, jambo lililomtisha mumewe kuliko kelele. "Kila Ijumaa unarudi kazini, unanikuta nimelala kwa mukeka, kizunguzungu imenishika juu ya njaa. Unaniletea maji ya kunawa uso. Unanishika kichwa. Unaniambia, courage, chérie."

"Ndiyo."

"Courage ya nini, Armel? Nilikuwa nafunga juu Mungu afungue, na we ulikuwa unajua nani alifunga. Ulikuwa unaniangalia na njaa yangu unanyamaza."

Hapo Armel alilia. Alilia kama mtoto, mabega yanaruka, na Rosette akajikuta mkono umekwenda wenyewe kutaka kumfuta machozi, kwa mazoea ya miaka minane. Akaurudisha mkono ule mapajani na kuushika kwa mwenzake. Ndiyo, alikuwa bado anampenda, sitakuficha. Hilo ndilo lililozidi kumchemsha damu.

"Labda nisingetaka mwingine," akasema. "Unasikia? Labda ningekaa chini, ningeona tuna Chanelle na mudogo yake, ningesema inatosha. Labda mi mwenyewe ningeenda kwa Jovithe nikasema, mufunge. Lakini ile labda ilikuwa yangu. Haikuwa ya Mama yako. Haikuwa ya docteur. Na haikuwa ya kwako."

Akainuka, akaosha sahani yake, akaifuta. "Jumatatu naenda kushitaki," akasema, akatoka kwenda kuchukua watoto shuleni.

Jioni ile alimpigia simu Danielle, wakili wa chama kimoja kinachotetea wanawake. Danielle alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia jambo la kwanza kabisa: asikubali mtu yeyote amwambie kwamba hayo ni maneno ya kumalizia sebuleni. Mtu kumkata mwenzake mwilini bila ruhusa yake, kumwamulia kwa hila azae au asizae, hiyo ni jinai, na mwenye kujibu ni yule aliyetenda na waliomtuma.

"Lakini jikaze, Mama Chanelle. Wataleta ile faili. Wataonyesha umesema mufunge. Affaire yote iko pale, kwa neno moja: ulikubali ao hukukubali. Likiandikwa vibaya siku ya kwanza, hatutalirudisha tena."

Jumapili, watu wametoka kanisani, mama mkwe akatia timu. Caritas alikuwa amevaa imvutano yake ya sherehe, kitambaa kimefungwa begani, amenyooka kama anakwenda kupokea posa. Hakukaa. Armel alikuwa pembeni ya dirisha, hajala tangu juzi, na kwa mara ya kwanza njaa ile ilikuwa imehamia kwake.

"Mukazana, bibi ya mutoto wangu, nasikia unataka kunipeleka kwa polisi."

"Kwa parquet, Mama, kwa mwendesha mashitaka."

"Mana yanje, Mungu wangu! Mi, niliyekupokea hapa ukitoka Kongo na sakoshi moja?" Caritas alipiga makofi ya kushangaa. "Nilikuokoa maisha. Unakatwa kila unapozaa! Dada yangu alikufa kwa kuzaa, nilimuona na macho yangu."

"Pole ya dada yako, Mama. Naye walimuuliza?"

"Batu hawaulizake mugonjwa! Mugonjwa analala, famille inafikiri."

"Na Spès, Mama? Naye ulimufikiria juu ya dada yako?"

Caritas alimgeukia mwanawe kwa jicho kali. Akajua siri imetoka. Lakini mama yule si wa kurudi nyuma. Alibadilisha gia papo hapo, sauti ikawa ya asali.

"Sikia, mwanangu. Tulikosa, sawa. Tutaita wazee wa famille, tutaleta pombe, tutakunywa pamoja, nitakuomba musamaha mbele ya batu. Sisi hapa tunamalizaka hivyo."

"Tukinywa, tumbo itafunguka?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshe. Nauliza. Mukimaliza kunywa, nitakuwa nimeulizwa?"

Asali ikaisha. Caritas alimsogelea, kidole mbele ya pua yake. "We Mukongomani, unataka kufunga mutoto wangu? Unataka kumufunga baba ya watoto wako?"

Rosette akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha ndani yake.

"Unaona vile ile neno inaelewekaka haraka, Mama? Leo kufunga hujaniuliza ni kufunga ya namna gani. Ni juu ni mutoto wako."

"Armel!" Caritas akapaza sauti. "Muambie bibi yako!"

Wanawake wote wawili walimgeukia. Macho ya Rosette yalikuwa yanamwomba neno moja tu, lolote, hata lenye kigugumizi. Armel akafungua kinywa. Akamtazama mama yake, akamtazama mkewe. Akachukua kofia yake akatoka nje.

Alitoka, ndugu zangu! Mwanamume mzima, mabega yake yale, akawaachia sebule.

"Umeona?" Caritas akasema, akirekebisha kitambaa begani. "Damu ni damu." Naye akaondoka kwa mwendo wa ushindi. Rosette aliingia chumbani, akaketi kitandani upande wa mumewe, akalia machozi aliyokuwa ameyabana tangu Ijumaa.

Jumatatu saa mbili na nusu alikuwa ofisini kwa waendesha mashtaka, Danielle kushoto kwake. Afisa aliyewapokea aliitwa Térence, mtu mpole mwenye mafua, anayeandika haraka na kupiga chafya katikati ya sentensi. Rosette alieleza yote: pazia la kijani, baridi, "tufunge", "mufunge". Alimtaja daktari. Alimtaja Caritas. Térence akauliza: "Na papier ya ruhusa, nani aliitia signature?"

Rosette aliitazama kalamu, ikingoja juu ya karatasi. Danielle alimgusa kiwiko.

"Batu ba kwa bwana yangu," hatimaye akasema.

Danielle aliguna kidogo. Mapenzi nayo yana ujinga wake. Mtu anakukata maini, na bado ulimi wako unamtafutia kivuli.

Térence alimaliza, akageuza karatasi, akasukuma kalamu. "Sinye hapa chini, Mama."

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, imejaa juu mpaka chini. Kifaransa cha Rosette kilikuwa cha bonjour na merci. Alishika kalamu, akaiweka chini.

"Mi sisinye kitu sijui. Munisomee kwa Kiswahili."

"Mama, iko vile umesema. Kuna batu wengi wanangoja inje."

"Wangoje. Mara ya mwisho batu walikuwa na haraka, nilipoteza kizazi."

Danielle alikuwa akinyoosha mkono kuichukua karatasi asome, mlango ukabishwa hodi. Alikuwa Armel. Shati jeupe la harusi yao, limepigwa pasi vibaya, macho mekundu. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akamtazama Rosette peke yake kana kwamba ofisi haina mtu mwingine.

"Naweza kuingia?"

Swali hilo alimwuliza yeye, si afisa.

"Ingia. Na uje usome ile papier. Kule kliniki ulisoma ya kwanza bila miye. Leo soma iyi mbele yangu."

Térence alitaka kupinga, Danielle akamnong'oneza jambo, afisa akapiga chafya akaacha. Armel alichukua karatasi. Alikuwa amemaliza sekondari, Kifaransa hakikumsumbua. Alisoma sentensi kwa Kifaransa, akaigeuza kwa Kiswahili, akaenda nyingine. Jina la Rosette. Umri wake. Kinama. Kiwanda. Jumatatu ya Pasaka. Alipofika katikati ya ukurasa sauti ikakatika.

"Endelea," Rosette akasema.

"Hapa wameandika... Wameandika, mulalamikaji alikubali kufungwa, lakini nyuma akajuta."

"Mimi?" Rosette akainuka kitini.

"Si alisema mufunge?" Térence akajitetea. "Njo vile nimesikia."

Zingatia hapo, msomaji. Armel angeweza kulisoma neno lile vingine. Angeweza kulimeza, nani angejua? Danielle alikuwa bado hajaiona karatasi. Mkewe angetia saini, kesi ingekufa siku ile ile ilipozaliwa, mama yake angelala kwao, na jina lake mwenyewe halikuwa hata limetajwa. Alikuwa amelitafuta kwenye karatasi nzima na hakuliona. Alijua ni nani aliyemfichia.

Aliweka karatasi mezani, akaweka kidole juu ya mstari ule.

"Iyi ni bongo. Futa. Hakukubali. Aliulizwa tumbo iko wazi, akazania ni kidonda. Mi nilikuwa mu couloir. Niliona papier inasema kizazi. Nilijua yeye hajui. Niliitia signature, mi Armel, bwana yake. Na mwaka moja nilijua tulimudanganya, nikamuangalia anafunga kila Ijumaa, nikanyamaza. Andika ile yote. Andika na jina yangu."

"Unajua hayo yatakurudilia?" Térence akauliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile kalamu yake ilisimama.

"Najua."

"Na mama yako?"

Armel alifumba macho, akayafumbua. "Yeye mwenyewe atasema yake. Jana nilitoka nyumbani juu sikupata mudomo mbele yake. Leo nimeupata."

Térence alimgeukia Rosette. "Mama, jina ya bwana yako tuiweke? Unakubali?"

Rosette alijua maana ya swali. Alijua mashtaka ni nini, gereza ni nini, na watoto wawili watauliza nini jioni. Alimtazama mwanamume yule wa Nishushe, aliyekonda kwa siku tatu tu, anayemtazama bila kumwomba kitu.

"Andikeni kwanza. Halafu asome tena, yote, kuanzia juu."

Wakaandika upya. Armel akasoma tena, neno kwa neno, na safari hii sauti haikukatika hata pale jina lake lilipofika. Rosette alisikiliza mpaka nukta ya mwisho. Aliuliza maana ya maneno mawili, akaelezwa, akaridhika.

"Ndiyo," akasema, akatia saini.

Nje jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Danielle aliwatangulia kwenda kutafuta teksi. Walibaki wawili kwenye ngazi, mita moja kati yao, na mita ile ilikuwa na miaka minane ndani yake. Armel alikohoa, akainua mkono.

"Rosette. Nikushike mukono?"

Rosette aliutaka mkono ule. Naam, aliutaka kuliko alivyoutaka ule mukeke wa Ijumaa. Lakini hasira yake ilikuwa bado haijamaliza kazi, nayo ilikuwa haki yake, na hakuwa tayari kuigawa na mtu.

"Apana," akasema. "Leo apana."

"Sawa."

Akaushusha mkono. Hakusihi, hakulia, hakumfuata. Rosette alishuka ngazi, akavuka ua, akafika getini, na hapo tu ndipo alipogeuka. Armel alikuwa bado amesimama pale pale alipoambiwa apana, mkono uko pembeni.